Alama Kumi Ulizotoa kwa Hofu

Mwaka umetimia, Baba yetu Vanna Chhim, tangu uanguke nyuma ya kaunta ukimfungia mteja donati zake, na sisi mpaka leo tumeduwaa. Asubuhi ile ulikuwa unamtania Rithy kuhusu nywele zake. Kabla ya mchana daktari akatuambia moyo umesimama. Moyo gani? Wewe hata mafua yalikuwa yanakuogopa. Bado tunasema "Baba akirudi," kisha tunatazamana.

Tunakumbuka Jumapili zako. Mama alikaanga, wewe ukauza wiki nzima, halafu siku yako ya mapumziko ukaenda kula donati za wenzako! Hapakuwa na duka la Mkambodia mwenzetu hapa mjini Long Beach ambalo hukulikagua. Uliibonyeza donati kwa kidole uone kama inainuka, ukainusa, ukaipasua, ukala kimya, kisha ukatangaza alama mbele ya wateja wote.

"Sita, dada Chenda. Na moja nimekupa kwa sababu umenichekea."

"Toka hapa na tumbo lako hilo, kaka! Hilo ndilo linastahili kumi!"

Lakini dada Chenda alipolazwa, ni wewe uliyemfungulia duka kila alfajiri mpaka akapona. Watu walikuogopa na kukupenda kwa pamoja.

Kumi hukuwahi kumpa mtu. Na donati za Mama hukuzipa alama yoyote, wala hukuzionja miaka mingi. "Mwamba ngoma huvutia kwake," ulisema, "nikimsifu mke wangu nani ataniamini tena?" Mama alicheka mbele za watu. Sisi wanawe tulijua alikuwa anaisubiri alama hiyo.

Halafu Narith akafungua duka jipya karibu na taa za barabarani, mita chache kutoka kwetu. Jumapili ukaenda, ukanunua, ukarudi na boksi kwenye buti la gari. Mama alikuwa dukani. Ukaingia ndani unanawa mikono, ukamwambia Rithy akakuletee boksi lako kutoka garini. Rithy alikuwa bado anatafuta viatu vyake ulipoliona boksi la waridi mezani, ukalifungua.

Kila duka la donati mjini hapa linatumia boksi lile lile la waridi, halina jina wala alama. Wewe ulilijua hilo kuliko sisi sote.

Ulikula donati ya shira. Ukaketi. Ukaichukua nyingine, na hukuwa na kawaida ya kuchukua nyingine.

"Kumi," ulisema. "Maly, mwanangu, hii ni kumi. Tumekwisha."

Jioni ukamwambia Mama, ukamshika mikono. "Mama Rithy, sikufichi. Narith anatuzidi. Mwaka huu tutakosa hata wali." Mama alijibu neno moja tu, "Sawa," akaenda kulala. Kesho yake alimwaga unga uliokwisha kuumuka, beseni zima, akaanza upya. Wewe ulimzunguka jikoni kama kuku anayetaka kutaga. Siku ya tatu ukafa.

Watu walishangaa msibani kwamba Mama hakulia. Alikaa wima, macho makavu, akiwapokea wageni. Shangazi Phally alininong'oneza mimi Maly, "Mama yako ana nini?" Nilijua ana nini. Mumewe amempa mwanamume mwingine kumi, kisha akamwacha.

Tulipokuwa tunarudisha viti hekaluni, Rithy alifungua buti la gari lako. Ikatupiga harufu ya sukari iliyochacha. Ndani lilikuwamo boksi la waridi, utepe wake haujakatwa, donati zote zimo, ngumu kama mawe.

Rithy akashika kichwa. "Hili ndilo la Narith. Hakulifungua kabisa. Sasa lile la mezani…"

Lile la mezani Mama alilifunga mwenyewe alfajiri, la kuwapelekea watawa, na siku zote alidhani mmoja wetu amekwisha kulipeleka.

Mama aliinama akalitazama boksi. Kisha akaanza kulipiga lile buti kwa viganja vyote viwili. "Ni zangu! Vanna, ni zangu! Umekula zangu!" Akalia hapo uwanjani mpaka watawa wakatoka na mikeka.

Baba, kinachotuuma si alama. Uliondoka ukiwa na hofu. Siku zako za mwisho hukulala kwa kumwogopa mshindani, na mshindani huyo alikuwa amelala kando yako na kukupa mgongo. Hakuna aliyewahi kukwambia, kwa sababu hakuna aliyejua.

Ndiyo maana tunakuandikia mbele ya watu wote. Jumapili hii watawa watakusomea sala ya mwaka, na Mama ataweka donati za shira kwa mkono wake. Watawa wanasema chakula hicho kinakufikia.

Tunaokukumbuka ni mkeo Sokhom, wanao Rithy na Maly, dada yako Phally na dada Chenda. Narith naye ameomba jina lake liwemo. Tulipomweleza alicheka, akalia, kisha akauliza yeye angepata ngapi.

Duka limejaa watu, Baba. Wali upo. Lala sasa. Hutatutoka moyoni siku zote za uhai wetu.