Isipite Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumesoma muswada wa vikwazo kwa sauti, mimi na Mzee Koma. Ndivyo ofisi yetu ya kuandika sheria inavyohakiki: mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kalamu. Mzee hutamka hadi alama. "Ndege zote za nchi hiyo, koma, za abiria au za mizigo, koma, marufuku, nukta." Siku zote mimi hucheka. Leo nimepitwa na mstari mzima.

Nchi hiyo ndiko alikoolewa dada! Bunge linaupitisha Ijumaa, mpaka unafungwa papo hapo. Na wanajeshi waliopindua serikali huko wameshaapa: mkitubana, raia wenu hawatoki. Dada ni mjamzito.

Sisi tumekula kiapo. Kutoboa siri ni jela.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia dada. Simu za huko zinasikilizwa — na mumewe ni kapteni wa jeshi hilohilo. Nikasema Mama yu hoi, njoo, isipite Alhamisi. Akalia. Nami nikalia, tena machozi ya kweli.

Jumatano, 5 Machi

Ee Mungu! Sikumwambia Mama!

Nilidhani dada atafunga mzigo tu, basi. Kumbe kampigia Mama kumpa pole. Nimemkuta Mama uani, mikono ina povu, anacheka hadi anashika kiuno. "Mgonjwa nani? Nimeanika mashuka sasa hivi! Wewe mtoto, unanizika nguo zangu zingali mbichi?"

Nikamwuliza: umemwambiaje, Mama? Eti kamwambia atulie kwa mumewe, asihangaike na tumbo lile.

Sababu sikumwambia. Mama hajui kunong'ona. Akijua yeye, mtaa umejua.

Alhamisi, 6 Machi

Tulikuwa kwenye nakala ya mwisho. Simu — namba ya dada! Nikakimbilia chooni na daftari hili.

Sauti ya kiume. Shemeji. Mpole kama siku ile alipoleta posa.

"Shemeji, nashukuru mama mkwe hajambo. Sasa niambie. Kwa nini isipite Alhamisi?"

Nikamwuliza dada yuko wapi. Yupo, anasema, kaketi juu ya sanduku lake. "Kama kuna jambo, sema, shemeji. Ndege ipo jioni. Nitampeleka mwenyewe."

Ni mume huyu, au ni kapteni? Na nani mwingine anasikiliza?

Nimemwambia subiri kidogo. Naandika nikidhani mkono utajua la kumjibu kabla yangu. Haujui. Simu iko juu ya sinki, haijakatika. Nasikia pumzi — za watu wawili, au watatu.

Mzee Koma anagonga mlango. "Binti, tuendelee! Tuliishia kwenye koma."