Utaonja Mpaka Lini?

Shangazi yangu wa Majimoto,

Huko uliko najua hakuna simu, kwa hiyo nakuandikia hadharani, na watakaosoma wasome. Shangazi, nimeshinda! Ungekuwepo ningepiga vigelegele mpaka uniambie ninyamaze, majirani wanasali.

Unakumbuka sokoni? Hukuwahi kununua gunia la mchele kwa macho. Ulitembea na kisufuria chako cheusi, unaomba kiganja kimoja, unapika kwenye jiko la mama wa chai, unaonja, ndipo useme. Wauzaji walikuchoka. Mmoja alikufokea, "Wewe mama, utaonja mpaka lini?" Ukamjibu bila kugeuka, "Mpaka nijue." Mimi nimechuchumaa pembeni, maana wali wa kuonja ulikuwa wangu. Nikifunua kabla haujaiva, unanigonga kidole na mwiko: "Wali hauchunguliwi!"

Sasa sikia. Shule ninayofundisha, huku Nsimbo, ina kompyuta saba zilizokaa stoo zimefunikwa khanga. Mwalimu aliyejua neno la siri la kuzifungua alihama nalo kichwani. Kumbukumbu za shule zimo ndani, kwa hiyo mkuu wa shule hakutaka ziguswe. "Mali ya serikali hiyo, mwalimu. Ukifuta kitu, utaandika maelezo." Muhula ulipoanza ikaja barua: kompyuta zisizotumika zitachukuliwa Ijumaa, zipelekwe shule nyingine. Na wanafunzi wangu wanajifunza kompyuta kwa kuchorewa kibodi ubaoni, shangazi! Nililia mle stoo, sikufichi.

Ndipo nikasoma kwenye simu habari za Linux. Ni programu ya kuendesha kompyuta, kama ile tuliyoizoea, ila hii unaweza kuiwasha kutoka kwenye CD bila kuiweka ndani wala kuulizwa neno la siri. Ukizima na kutoa CD, kompyuta inabaki ilivyokuwa. Nikacheka peke yangu. Si kisufuria chako hiki?

Nikamwendea mkuu. "Sinunui, mkuu. Naonja tu."

CD ya kwanza iligoma. Niliichoma Mpanda mjini, kwenye duka la intaneti, kama ninavyochoma nyimbo za kwaya, kumbe ina namna yake. Nikarudi mjini kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno, nikachoma nyingine. Hiyo ikawaka! Kioo kikajaa rangi, mkuu akasogeza kiti. Mimi na kiherehere changu nikaichomoa hapohapo nijaribu kompyuta ya pili, ya kwanza ikaganda. Mkuu akashika kichwa. Wallahi nilisikia mwiko wako kwenye kidole. Nikaizima, nikaiwasha bila CD, ikarudi inadai neno lake la siri lilelile, kaidi kama zamani.

"Haijaharibika?" mkuu akauliza.

"Hata punje."

Akasema, "Haya, onja na nyingine."

Kufika Alhamisi nilikuwa na CD saba. Ijumaa lori lilipokuja, lilikuta mashine zote zinanguruma, wanafunzi watatu watatu kila kioo, wanaandika majina yao na kugombea kipanya. Wale wa lori wakasema waliambiwa hazitumiki. Ungemwona mkuu, yuleyule wa maelezo, alivyovimba! "Nani kasema hazitumiki? Hamuoni kipindi kinaendelea?" Lori likaondoka tupu, na mimi nikacheza mbele ya darasa zima, mtu mzima hovyo.

Ila nilipokuwa nawatazama wale watoto nikakumbuka jambo. Kuna siku ulionja kwa wauzaji watatu, na tukarudi nyumbani bila gunia. Miaka yote nilidhani wewe ni mgumu wa kuridhika, na nilikucheka kwa wenzangu. Shangazi, siku zile hukuwa na nia ya kununua. Ulikuwa unanilisha. Nimechelewa kuelewa, nisamehe. Nakupenda, na nakukumbuka kila ninapobonyeza kile kitufe cha kuwashia.

Jana mkuu alipita dirishani, akachungulia. "Mwalimu, wiki ya tano hii, na hujaweka kitu humo ndani. Utaonja mpaka lini?"

Nikamjibu bila kugeuka, "Mpaka washibe."

Pumzika, shangazi. Mwiko wako ninao.

Mtoto wa kaka yako,
niliyekua kwa wali wa kuonja