Jina la Jikoni

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Natumaini hujambo na cherehani nayo haijambo, maana nawajua nyinyi wawili, mkiumwa mnaumwa pamoja. Mimi mzima, ila miguu imevimba mpaka viatu vya kazini vimenikataa. Daktari amesema ni msichana, na kwa mateke anayonipiga, huyu hataonewa na mtu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu ni ndogo, mama mkwe yuko hapa, na hili sitaki alisikie. Mama, nina ombi. Wewe ndiye unayetarizi majina kwenye masweta ya shule zote mbili hapo kwenu, ile ya serikali na ile ya kulipia. Niambie watoto wa ile ya kulipia siku hizi wanaitwaje.

Najua unategemea mtoto apewe jina la Bibi, kama nilivyopewa mimi. Nalipenda, Mama, kwa sababu ni la Bibi. Lakini hapa kwenye kampuni ya bima tuko wawili wenye jina hilo, mimi na mama anayepika chai. Juzi mteja mkubwa aliniulizia mapokezi, wakamwitia mama wa chai. Akaja mbio na birika mkononi. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Na mimi nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Mama mkwe, unajua alikuwa mwalimu mkuu, anasema kwa upole kabisa kwamba hilo ni jina la jikoni. Sitaki mwanangu ahukumiwe kabla hajafungua mdomo.

Binti yako

14 Machi

Mwanangu Kifungo,

Marahaba, mwanangu, marahaba. Jina la Bibi yako ndilo lako, ila mimi nitakuita Kifungo, jina lako la utani la utotoni, mpaka uzeeke. Mgongo ni ule ule, umeshazoea kulalamika na mimi nimeshazoea kutousikiliza. Hiyo miguu iloweshe kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi. Viatu viweke kando, usigombane navyo sasa hivi.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikashona kwanza mikono ya masweta mawili ndipo nikaweza kuirudia. Umeniuliza habari za kazi, basi nakujibu za kazi. Shule ya serikali majina ni mafupi: ya mababu, ya mitume, ya siku za wiki, na wale waliozaliwa nyumbani kukiwa na dhiki wakabebeshwa dhiki yenyewe. Hayo hayanisumbui. Shule ya kulipia, mwanangu, ni mtihani. Kuna watoto wenye majina ya miji ambayo wazazi wao hawajafika. Kuna la ua, kuna la kito, kuna la mwigizaji. Kuna moja refu mpaka lilivuka kifua likaishia kwapani, na bado mama mtu akaja juu kwamba nimelipunguza. Watoto wenyewe ni wale wale, kamasi wanafutia mkono wa sweta.

Lakini kuna jambo limenishangaza. Mwaka huu masweta matatu ya shule ya kulipia yameletwa yakitaka jina la Bibi yako. Matatu! Mama mmoja, aliyeshuka kwenye gari lisilotoa hata sauti, ameniambia siku hizi wenye nazo wanarudi kwenye majina ya zamani. Basi fikiri mwenyewe. Mimi sisemi kitu.

Msalimie mumeo, na mama mkwe wako mpe heshima zake.

Mama yako

25 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu imepungua, Mungu akubariki wewe na chumvi yako. Mgongo je?

Umeniokoa! Nilimweleza mama mkwe habari za masweta matatu. Akavua miwani, akanitazama, akasema, "Kumbe! Na mimi nilikuwa nalifikiria fikiria." Alikuwa analifikiria wapi, sijui, lakini tangu hapo jina limegeuka. Halinuki moshi tena, sasa ni jina lenye asili. Analitamka polepole, kama anayeonja kitu cha bei. Mume wangu anasema mama yake akikubali, yeye ni nani apinge. Kwa hiyo yameisha, mtoto atalichukua.

Kazini nimewaambia pia. Yule mama wa chai alifurahi mno, akanishika mikono yote miwili. Nilishindwa kumweleza kwamba si lake. Ni lile la masweta.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima, moyo ndio sina uhakika nao.

Nilitakiwa niirukie barua yako kwa furaha. Badala yake nimejichoma sindano kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Sasa nisikilize. Hakuna masweta matatu. Hakuna hata moja. Yule mama nilimtunga, na gari lake nililitunga. Nilitaka jina la mama yangu liingie nyumbani kwenu, nikajiambia liingie hata kwa uongo.

Limeingia, na mimi silitambui. Mwenye jina hilo alifua nguo za watu maisha yake yote. Wenye nguo walimwita dirishani, wengine kwa dharau, naye aliitika kwa sauti nzuri kama anayeitwa kupokea zawadi. Nilimwuliza kwa nini hanuni. Akaniambia, "Wananiita jina alilonipa mama yangu, ninune nini?" Na wewe leo mama wa chai amekushika mikono, nawe unamkana moyoni kwa ajili ya wanawake wa magari ambao hata hawapo!

Kama unampa mtoto jina kwa ajili yao, nakuomba usimpe. Mpe la kito, mpe la ua. Nitalitarizi vizuri na nitampenda vile vile. Nimekosa, nimekasirika, na nakupenda, vyote kwa mpigo mmoja.

Mama yako

28 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Hujambo? Sijapata jibu. Simu yako inaita tu mpaka inachoka. Mumeo alinijibu mara moja akasema uko salama, umelala, lakini nilisikia sauti yako nyuma yake.

Kama umenuna, nuna, ila nuna ukiwa umekula. Posta nimekwenda mpaka karani akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza. Jina si kitu, mwanangu. Nilisema kwa hasira. Niandikie hata neno moja, hata la kunigombeza.

Mama yako

9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Mume wangu ameshakupigia kukwambia kwamba tuko wazima, mimi na mtoto. Jina nilimkataza asiseme, nilitaka ulisikie kwangu.

Nilinuna, Mama. Simu yako ilikuwa ikiita naigeuza kifudifudi. Nisamehe. Ukweli wa masweta sikumwambia mtu, ila kimoyomoyo niliamua mtoto apewe jina la kito na mambo yaishe.

Uchungu ulinishika kazini, kabla ya wakati wake. Mume wangu alikuwa safarini, mama mkwe amekwenda kwake kuangalia nyumba. Wenzangu wa ofisini walisimama, huyu anamtuma yule atafute teksi, yule anamtuma huyu. Mama wa chai aliweka birika chini, akapiga magoti akanivua viatu, akanibeba nusu nusu mpaka nje. Alikwenda na mimi hospitali na aproni yake mwilini. Nilimng'ata mkono, Mama, alama bado ipo. Nesi alipouliza yeye ni nani yangu, akasema, "Wajina wangu huyu," kana kwamba huo ni undugu unaotosha. Nesi akamwachia akae.

Mama mkwe alipofika nilimweleza yote, pamoja na uongo wako. Akasema basi tumpe hilo la kito. Nikasema hapana. Akasema mtoto atakuja kutaabika na jina hilo. Nikamwambia huenda, na akitaabika nitakuwa naye. Hajafurahi, lakini yeye mwenyewe hataki kumshusha mtoto mapajani.

Kwa hiyo anaitwa jina la Bibi. Ila tumeshadanganyana vya kutosha, wacha nikwambie ukweli. Nilipomtajia nesi jina lile, sikumfikiria Bibi. Nilimfikiria mama wa chai. Bibi alinijia baadaye, nilipokuwa namnyonyesha, nikaona aibu kwamba alikuwa wa pili. Kama imekuuma, naelewa.

Njoo umshike. Ukimwita, wewe mwite kwa ajili ya mama yako. Mimi nitamwita kwa ajili ya aliyenivua viatu. Amelala hapa ubavuni pangu, amekunja ngumi, na mpaka sasa hajui ni jina la watu gani. Njoo kabla hajaambiwa.

Binti yako, sasa naye mama mtu