Alama ya chaki kwenye mulango

Mulumba, nimetoka sasa hivi kwenye mukutano wa ekipe yetu ya basketi.

Unajua wachezaji wetu wanne wakubwa wameenda na tunajenga upya. Ilibaki nafasi moja. Mimi kocha nilisema ni ya Didier, yule kijana wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala.

Octave, prezida wetu, akachora alama ya chaki kwenye mulango wa depo ya samaki tulimokutania. Kwenye mulango, ndugu! "Asiyefika hapa hachezi basketi ya kulipwa." Didier akasimama pale kama mbuzi wa sokoni. Kichwa chake kilibaki chini ya chaki kwa upana wa vidole vitatu.

Nikasema mechi ya mwisho vikapu tisa vilitoka kwenye pasi zake. Tisa!

Unajua Octave alinijibu nini? "Muzee, basketi haifundishwe kwenye masomo ya jioni." Mbele ya wachezaji! Kwa sababu nilisomea ukocha jioni, baada ya kazi! Nao wakacheka.

Nikamwambia, "Prezida, simama wewe pale kwenye chaki." Akakataa. Mama Berthe, katibu wetu, akamwambia, "Simama, papa, tuone!" Sasa wakamcheka yeye. Akatoka nje akisema kesho ananifukuza.

Sawa. Orodha ya wachezaji ilikuwa mezani, na ligi inataka sahihi ya kocha tu. Nikaandika jina la Didier kwa biki, nikatia sahihi. Berthe akaipiga picha na kuituma ligi palepale. Wamejibu kwamba wamepokea, na orodha haibadilishwe tena mpaka musimu uishe.

Anifukuze. Didier anacheza.