Wembe Haukupita

Riruta, Nairobi
Jumamosi, 8 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Veronicah,

Pokea salamu kutoka Riruta, ambako mawingu yamejaa lakini mvua bado inaringa. U hali gani huko Doha? Kile kifua kimepona? Usinijibu "niko sawa" kwa haraka kama kwenye simu. Kaa chini uniandikie vizuri. Mume wangu Shem hajambo, watoto hawajambo, nami nipo. Hilo neno "nipo" nimelipenda sana siku hizi.

Uliniomba nikueleze matibabu haya ya saratani bila kukuficha. Basi dozi mbili za kwanza nimezimaliza, kule hospitalini Upper Hill. Dawa yenyewe ni nyekundu, inang'aa, ungedhani ni ya kunywa kwenye sherehe. Muuguzi, dada mmoja Mkamba aitwaye Ndunge, huvaa glavu na aproni ndefu isije ikamdondokea, kisha huketi kando yangu akaisukuma polepole ndani ya mshipa. Nilistaajabu, Vero. Kitu ambacho mwenzangu hataki kimguse ngozi, mimi nakikaribisha damuni! Akanionya, "Mama, ukienda choo usishtuke, itatoka nyekundu. Ni dawa tu, si damu." Nilishtuka vilevile.

Nilitapika mpaka nikahisi matumbo yanataka kuhama. Kinywa kikajaa vidonda, na kila chakula kikawa na ladha ya chuma: chai chuma, ugali chuma, hata samaki. Nikamwambia Shem nimeolewa na fundi wa kuchomelea miaka yote hii, sasa ndipo naila karakana yake. Uji wa wimbi uliochachuka, ukiwa baridi, ndio pekee uliokubali kukaa tumboni. Halafu asubuhi moja nikaamka na njaa. Njaa ya kweli! Nilikaa kitandani nikiishangaa. Mwili nilioudhani umeshindwa, kumbe ulikuwa ukijijenga bila hata kuniuliza.

Na uvimbe wa titi umepungua. Daktari aliniambia niutafute mwenyewe kwa vidole, nikaupata umesinyaa. Nililia mbele yake bila haya.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Nywele zilianza kutoka kabla ya dozi ya pili. Zikawa kwenye mto, kwenye leso, kwenye uji. Nikamwambia Shem nataka kwenda kwa Mwaura, kinyozi wetu wa hapa Naivasha Road, azimalize. Shem, na huo mdomo wake usiokaa na jambo, akamwambia mamake kwenye simu. Lo! Unajua kwetu kichwa hunyolewa lini: baada ya mazishi. Amri ikaja kutoka kwake kijijini Ugenya kwamba mke wa mtu hanyolewi mumewe akiwa hai, na dawa inayomnyoa inamtafutia mwanawe kaburi. Niiache, nirudi nyumbani. Shem akajidai hajali. Lakini nilimwona kazini amevaa ile miwani ya kuchomelea, ambayo miaka yote imekuwa pambo la ukuta.

Usinicheke, nami niliogopa. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba nikikatiza, uvimbe utarudi kwa nguvu. Lakini nipone mimi, halafu lolote limpate Shem? Ningeishi vipi na hilo? Nikaamua dozi ya tatu siendi.

Juzi mama mkwe akafika mwenyewe, na kuku na unga wa wimbi. Tangu niolewe hajapata kuniona kichwa wazi. Akasema, "Fungua nione." Nikafungua kitambaa: nywele hapa, upara pale, aibu tupu. Kumbuka huyu ndiye anayeitwa kuwanyoa wafiwa kijiji kizima, vichwa anavijua. Akanikalisha sakafuni kati ya magoti yake kama wakati wa kusukwa, akashika kishungi kimoja, akavuta kidogo tu. Kikatoka. Akashika kingine, nacho kikatoka. Hata sikusikia maumivu.

"Shem," akaita, "njoo uone. Nimenyoa watu wengi, sijaona kichwa kinachojinyoa. Msiba unataka wembe. Hapa wembe haukupita."

Akaendelea taratibu, kama mtu anayechambua mboga za jioni, nywele akizikusanya kwenye leso yake, mpaka zikaisha. Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa kitupu, akakiacha hapo. Vero, kule Upper Hill nimeona mashine zinazoona ndani ya mifupa, na hakuna iliyonifikia ndani hivyo. Mwanamke aliyeogopa kumzika mwanawe alikuwa amenishika kichwa, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Hiyo dawa nyingine ni lini?" akauliza.

"Jumatatu."

"Tutaenda wote. Nataka kuiona."

Shem amesharudisha miwani ukutani. Nimemgombeza aivae, macho ni macho.

Nisalimie shemeji Omollo, na umbusu mtoto wetu Quincy. Mama mkwe anasema ule, umekonda kwenye picha. Nyasaye, Mungu wetu, awafunike kwa kiganja chake, asubuhi na jioni.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye kipara, na mume yuko hai,

Peres