Orodha Isiyo na Lacasse

Montreal, 2 Februari 2004

Mpendwa Mama wa Ubatizo,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kuni zipo za kutosha, na nyonga inakuuma kidogo kuliko wakati wa Krismasi. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaokwenda mbio.

Nimemaliza mwezi kwenye kazi mpya ya ukarani maabarani. Hospitali za mkoa mzima hutuletea vichupa vya kinyesi cha wagonjwa wanaohara, nami naandika kila kimoja daftarini: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, hospitali. Hati ni ileile uliyonifundisha kwa kunichapa vidole. Bwana mkubwa anaisifu.

Kuna bakteria anayeweza kukaa tumboni kimya. Mtu akipewa antibiotiki, bakteria wema hufa, naye hubaki na nyumba peke yake na kuanza kutema sumu. Wazee wanahara mpaka wanakauka. Mafundi wetu humkuza kwenye mtungi usio na hewa, kisha hukatakata chembe zake za urithi na kuzipanga ziwe mistari, kama alama ya kidole gumba. Kwa mistari hiyo hujua ni aina ipi. Tangu majani yalipopukutika, aina moja inarudi tena na tena, na sumu yake ni nyingi kuliko za wenzake wote. Hapa tunaiita aina ya saba. Nimeambiwa nisiyatoe nje haya. Nakwambia wewe tu.

La ajabu ni kwamba visahani vikifunguliwa vinanuka zizi la farasi. Kila asubuhi namkumbuka farasi wako Mousse, nakumbuka nyumbani, nusura nitabasamu. Halafu nasoma ni wangapi wamekufa.

Ghislain, fundi wetu, ananicheka. "Karani, utanawa mpaka ngozi iishe! Kalamu haiambukizi." Nikamjibu, "Na mkono unaoishika?"

Nakubusu mashavu yote mawili.

Binti yako wa ubatizo,
Annick


Sainte-Odélie, 9 Februari 2004

Mwanangu Annick,

Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila masikio yamezidi kuziba. Usithubutu kunipigia simu. Juzi mtu alipiga kunipa pole ya msiba wa jirani, nikamwagiza magunia mawili ya mbolea.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa kalamu nyekundu: mkato mmoja umekosekana. Mara ya pili bila kalamu, nikaona unaogopa. Wewe ni mwoga tangu utoto. Ulimwogopa hata kuku wa marehemu mume wangu, Adélard Lacasse, na kuku mwenyewe alikuwa kipofu.

Sasa usipige kelele. Hospitali ya huku imenipa tarehe ya kubadilisha nyonga, Jumatatu ya tarehe 16. Nimengoja miezi kumi na minne, mwanangu. Usiku najigeuza kitandani kama gogo. Shemeji Ludger anasema, "Rollande, wakikukarabati vizuri, mwaka huu tutacheza wakati wa kupika sukari ya maple." Nimemwambia atafute viatu vigumu, maana nitamkanyaga. Utomvu wa miti ya maple ukianza kudondoka mwezi Machi, nataka niwe kwenye kibanda chetu cha kuupikia, nimesimama kando ya sufuria kwa miguu yangu miwili. Sina ombi jingine.

Kula vizuri. Supu ya mkebe si supu.

Mama yako wa ubatizo,
Rollande


Montreal, 12 Februari 2004

Mpendwa Mama wa Ubatizo,

Habari za nyonga, habari za shemeji yako Ludger? Mimi sijambo. Hapana, sitamwandikia mwalimu wangu uongo: sijalala tangu barua yako ifike.

Usiende. Ningeweza kuliandika neno hilo ukurasa mzima, kama adhabu za darasani kwako. Hospitali yenu imetuletea vichupa sita wiki hii, na vinne kati ya hivyo ni aina ya saba.

Lakini najua umengoja, na najua kwamba wewe ukishaamua, umeamua. Basi nifanyie haya. Nawa kwa sabuni na maji, sugua kama ulivyokuwa ukitusugua wino. Ile dawa ya spiriti iliyotundikwa ukutani haimuui huyu, kwa sababu hujivika ganda gumu na kukaa kwenye kitasa cha mlango au reli ya kitanda kwa miezi. Anayemuweza ni klorini. Usikalie kiti cha choo mpaka ukione kinafutwa. Na tumbo likilegea, sema siku hiyohiyo, usione haya.

Mimi nitafanya langu. Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, nitapitia orodha ya majina. Lako likija, nitalijua kabla ya daktari.

Binti yako anayekuombea,
Annick


Hospitalini, 24 Februari 2004

Mwanangu Annick,

Hujambo? Mimi niko hai, na nyonga mpya imekaa. Juzi nimetembea hadi dirishani na kurudi, nesi akapiga makofi kana kwamba nimevuka mto.

Kidonda kilipata wekundu, wakanipa antibiotiki. Sasa ni tumbo. Uliniambia nisione haya, basi sioni: jana nilikwenda mara saba. Nilisema siku hiyohiyo, kama ulivyoagiza. Wamechukua kichupa, kinakuja kwenu. Mwaka huu badala ya sharubati ya maple nakutumia hicho. Kipokee kwa heshima.

Lakini sicheki sana. Madame Arsenault wa kitanda cha pili alikuwa akihara tangu nilipolazwa. Alikuwa akinihesabia rozari kwa sauti ili nami niisikie. Alhamisi wakamtoa amefunikwa uso. Mwanamke wa usafi akafuta kitanda chake, na kwa kitambaa kilekile akaja kwenye changu. Nikamwambia, "Mama, klorini iko wapi?" Akasema, "Bibi, nina vyumba kumi na vinne na mikono miwili."

Niangalie kwenye orodha yako, mwanangu. Hawa madaktari ni watoto, wanazungumza wakitazama viatu, sisikii hata neno. Nitakachoamini ni utakachoniandikia wewe.

Mama yako wa ubatizo,
Rollande


Montreal, 1 Machi 2004

Mpendwa Mama wa Ubatizo,

Natumaini unaendelea vizuri. Mimi leo ni mzima kabisa, mzima mara mbili, na nitakwambia kwa nini.

Jina lako halipo.

Nimepitia orodha kila asubuhi. Ijumaa nilibaki wenzangu walipoondoka, nikaisoma tena kwa kidole, mstari kwa mstari, tangu siku uliyolazwa. Hakuna Lacasse. Vichupa vya wodi yenu vya tarehe zile vimefika, chako hakimo. Nilimuuliza Ghislain, akasema, "Tumbo likitulia huwa hawaleti. Nenda kalale, karani."

Sipaswi kusema hili, lakini kutoka wodi yenu kuna mmoja ambaye ni aina ya saba, mwanamke wa umri wako. Nilikishika kichupa chake. Niliiona picha ya mistari yake, na nilikuwepo kisahani chake kilipofunguliwa. Zizi tupu. Nilimwombea mama yule. Kisha, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba si wewe. Majibu yake yameondoka asubuhi hii.

Kwa hiyo tulia. Kula, tembea hadi dirishani. Utaiwahi sukari.

Binti yako mwenye furaha,
Annick


Hospitalini, 5 Machi 2004

Mwanangu Annick,

Hujambo, mpenzi? Barua yako nimeiweka chini ya mto.

Ilifika kwa wakati wake. Juzi daktari kijana alikuja na karatasi, akainama sikioni, "Madame, una bakteria wa sumu, tunaanza dawa leo." Nikatoa barua yako. Nikamwambia, "Kijana, binti yangu ndiye anayeandika daftari hilo Montreal. Anasema sina. Mmechanganya vichupa." Aliisoma, akakuna kichwa. Nikamwambia pia kwamba tumbo limetulia, na ni kweli: Ludger alinipenyezea vidonge vya dukani vya kufunga kuhara, tangu Jumanne siendi kabisa. Daktari akasema basi watarudia kipimo. Jumatano wananiruhusu.

Tumbo limejaa kidogo, gumu kama ngoma, na usiku nasikia baridi. Ni chakula cha humu. Viazi vyao vinaweza kuezekea paa.

Kuna nesi mpya, Joëlle, msichana mzuri, ila tuligombana. Alisimama mlangoni akiita, "Madame Bujold! Madame Bujold!" Nami nikatulia, nikamhurumia huyo Bujold kwa uziwi wake. Kumbe ni mimi! Humu wananiandika kwa jina la baba yangu wa Gaspésie. Tangu niolewe, miaka arobaini na sita, sijaliitikia. Nikamwambia, "Binti, huyo Bujold alikuwa na miaka ishirini na tatu na kiuno chembamba. Ukimpata, mlete." Tulicheka mpaka nikaumwa.

Ludger anasema matone ya kwanza ya utomvu yameanza.

Mama yako wa ubatizo,
Rollande


Montreal, 9 Machi 2004, kwa faksi
Nesi Joëlle, tafadhali msomee kwa sauti kubwa, sikio la kushoto.

Mama,

Sitauliza habari za afya. Najua.

Mwanamke wa aina ya saba ni Rollande Bujold, aliyezaliwa mwaka 1935. Nililiandika jina hilo mimi mwenyewe, kwa hati uliyonifundisha, kisha nikageuza ukurasa kumtafuta Lacasse. Sheria ya huku naijua. Kila mwanamke katika daftari langu ameandikwa kwa jina la baba yake. Nililijua hilo kwa wanawake wote, isipokuwa wewe. Kwangu ulizaliwa Lacasse, ukiwa na chaki mkononi.

Daktari hakuchanganya vichupa. Mimi ndiye niliyechanganya.

Nimepiga simu wodini. Joëlle akauliza, "Wewe ni nani kwa Madame Bujold?" Sikuweza kusema binti. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeandika ile barua iliyo chini ya mto wake. Itoeni. Ni ya uongo." Nikamsikia akikimbia.

Sikiliza. Usimeze tena vidonge vya Ludger. Havikuponya, vimefunga mlango sumu ikiwa ndani, ndiyo maana tumbo ni gumu. Usitoke kesho. Kubali dawa ya daktari, kubali chumba cha peke yako, kubali kila kitu. Uliniamini nilipokosea, basi niamini mara moja zaidi.

Nakuja kwa basi la Jumamosi. Watanivalisha glavu na joho. Usishtuke, ni mimi.

Annick


Hospitalini, 13 Machi 2004, alfajiri

Mwanangu Annick,

Anayeandika ni Joëlle, mimi nasema tu. Makosa yakionekana ni yake. (Mimi Joëlle: si kweli, anataja hadi mikato.)

Faksi alinisomea kwa sauti kubwa, hata wagonjwa wa ghorofa ya chini sasa wanajua habari zangu. Dawa nakunywa. Nimehamishiwa chumba cha peke yangu, na yule mama wa usafi amekuja na ndoo ya klorini, ananuka kama bwawa la kuogelea. Tumeamkiana vizuri.

Lakini tumbo halikushuka. Daktari kijana ameketi kitandani safari hii, akanitazama usoni, nikamsikia kila neno. Wanataka kukata utumbo asubuhi hii, kabla haujapasuka. Hakuahidi. Nilipenda kwamba hakuahidi. Basi lako litakapofika nitakuwa ndani bado.

Naogopa, Annick. Nakwambia ujue kwamba si wewe peke yako duniani. Miaka yote nilikucheka kwa sababu ya yule kuku, na wala sikukwambia kwamba mimi nilimwogopa pia.

Usijiadhibu. Mimi ndiye niliyemfukuza daktari kwa maneno, mimi ndiye niliyemeza vidonge. Na katika kazi yako yote nimepata kosa moja tu. Nalisahihisha hapa chini kwa kalamu nyekundu niliyoazima kwa Joëlle. Liangalie vizuri. Iwapo kesho kutakuwa na orodha yoyote, hili ndilo jina utakalotafuta.

(Hapa ameshika kalamu mwenyewe. Ametumia muda mrefu. — J.)

Mama yako wa ubatizo,
Rollande Bujold