Kitindamimba Amemchagua Msusi

Nyumbani kwangu,
Jumapili, mvua imetoka kukatika.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Mguu wako je, umeacha kuvimba? Na shemeji, kifua kimetulia? Sisi huku wazima, ingawa wiki hii nilikaa roho mkononi.

Kwanza habari za chama. Ulipoondoka tulikuwa wanawake wachache wa kukaa na wajawazito wakati wa uchungu, tunakutana sebuleni kwangu kwa viti vya kuazima, na wodini tunafukuzwa kama kuku. Sasa tuna matawi hadi miji nisiyoikanyaga, na wauguzi wenyewe hutuita.

Lakini chama kikikua, maneno nayo hukua. Tawi la ng'ambo ya mto lilimpokea msusi mmoja, wanamwita Kimya, ambaye hajawahi kuzaa. Mimi mwenyekiti nilipinga. Nilisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huyu atamwambia nini mwenzake? Kura zikapigwa, nikashindwa.

Basi sikia. Binti yangu, kitindamimba, alipokaribia siku zake alinifuata jikoni, akasema ameshachagua wa kukaa naye. Si mimi. Ni Kimya. Nilidhani ananitania. Nikageukia sufuria nisije nikatamka la kujutia, maana kanuni ya chama kwamba mjamzito ndiye achaguaye wa kukaa naye niliitunga mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu.

Alhamisi uchungu ukamshika. Kimya akaingia naye wodini, mimi nikabaki kwenye benchi la korido ya hospitali na mkwe wangu, yeye akitafuna kifuniko cha kalamu bila kujua. Mchana ukafika, mtoto hashuki. Daktari akapita akitembea, akapita tena akikimbia, nikamsikia akiagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe. Muuguzi mkuu, tunayejuana naye tangu enzi za kufukuzwa, akachungulia mlangoni.

"Mwenyekiti, ingia tu. Nani atakuuliza?"

Akarudi ndani, mlango akauacha wazi kidogo. Niliinuka nikashika kitasa. Nilimsikia mwanangu akiguna, na Kimya akimwambia jambo kwa sauti ndogo, sikulishika. Kisha mwanangu akavuta pumzi, ndefu, akaishusha taratibu. Nimewasikia wazazi wengi. Ile ilikuwa pumzi ya mtu ambaye bado ana nguvu. Nikauachia mlango. Benchi likawa mbali, nikakaa chini sakafuni, mwenyekiti mzima.

Mtoto alizaliwa kabla hawajamhamisha. Hakulia mara moja. Halafu akalia, na mkwe wangu naye akalia.

Ni msichana. Umeshakuwa bibi.

Waliponiruhusu, nilimkuta Kimya kalowa jasho, anamsuka mwanangu nywele zisimwingie machoni. Nilimuuliza mwanangu kwa upole kwa nini hakunitaka.

Akasema, "Mama, wewe unajua yote yanayoweza kuharibika. Ningekuwa nakuangalia uso tu."

Nikamwomba Kimya anipishe kiti alichokalia kando ya kitanda. Akasema nisubiri, bado hajamaliza. Basi nikakaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pa mwanangu, nikapokea mjukuu.

Nisalimie shemeji, na wanangu wote hapo, hasa yule Mdadisi asiyeisha maswali. Mungu akupe miguu myepesi na usingizi usiokatika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mbali kama kwa karibu,
Mama Kitinda